Dubloni za Sekretere

Alhamisi asubuhi, kabla chai haijachemka, Eugène alibofya programu ya mitihani kwa mara ya tisa, na kwa mara ya tisa kikatokea kile kisanduku cheupe chenye alama nyekundu. Kiliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa Eugène alikijua. Ndicho kilichompa kazi. Kilisema kwamba ili programu ifunguke, mashine lazima iwe na kitu fulani cha namba sita. Chini yake kiliongeza, kwa adabu ya kukera, kwamba kilichopatikana ndani ya mashine ni cha namba nane.

"Nane si inapita sita?" Eugène aliiuliza skrini.

Alikuwa sekretere wa shule ya sekondari hapa Baraka, mwaka wa kumi na moja sasa. Kompyuta ya shule ilikaa sebuleni kwake, juu ya meza ya kitambaa cha kufuma, kwa sababu shule haikuwa na umeme wala mlango wa kufungika, na nyumba yake ilikuwa na sahani ya umeme wa jua juu ya bati. Ndani ya programu ile mlikuwa na majina ya wanafunzi sitini na mmoja wa darasa la mwisho, pamoja na picha zao, yote yameshaandikwa. Kilichobaki ni kuifungua, kuitoa listi kwenye flashi na kuikabidhi. Jeep ya watu wa mitihani ingepita kesho Ijumaa, saa sita ya mchana, mbele ya soko, kukusanya flashi za shule zote na kuzipandisha Fizi, kwenye ofisi ya mitihani. Asiyekuwa ndani ya flashi asingefanya mtihani wa taifa. Angerudia mwaka kama wazazi wangeweza kulipa tena. Kama hawawezi, shule imeishia hapo.

Mkewe, Godelieve, aliingia na kikombe.

"Baba Vanessa, jana si ilikuwa inafunguka?"

"Jana ilifunguka. Leo imekataa."

"Na zile bintu ulitosha jana?"

"Zile nilifuta ni dubloni tu. Dubloni haina kazi."

Godelieve aliweka kikombe mezani. Alimjua mumewe, akisema kitu kwa sauti ya ofisi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kuna jambo.

Na jambo lilikuwapo. Dubloni ni jina lililoandikwa mara mbili kwenye listi, na katika kazi ya sekretere hakuna adui mbaya kuliko huyo. Listi yenye dubloni hurudishwa kutoka Fizi na barua ya heshima inayouma kuliko tusi. Miaka kumi na moja Eugène alikuwa akiwinda dubloni kama mtu anavyotafuta chawa kichwani mwa mtoto. Jumatano, alipoona kompyuta inazidi kuwa nzito, alifungua orodha ya vitu vilivyowekwa ndani yake na kukuta jina moja limejirudia mara tano, kila moja na namba yake: la tatu, la tano, la sita, la saba, la nane. Alicheka peke yake. Alimwita hata Godelieve aje aone uzembe wa wazungu. Kisha akafuta manne, akaacha la nane, maana ndilo kubwa na jipya, akaenda kulala na moyo mweupe.

Sasa moyo haukuwa mweupe. Alihisi kwamba lile la sita lililotakiwa ni mojawapo ya yale aliyoyafuta, lakini mtu akiisha kujisifu mbele ya mkewe, kurudi nyuma ni safari ndefu.

Simu ililia. Alikuwa Roger, prefe, yaani mkuu wa shule.

"Sekretere, listi iko tayari?"

"Prefe, mashine imekataa."

"Imekataa ginsi gani?" Roger aliuliza polepole. "Iko na njaa?"

*

Katika mji wetu hayo ni maneno mazito. Mashine hukataa katika kila ofisi yenye mlango. Hukataa mpaka mtu apenyeze kitu chini ya karatasi, na hapo hupona palepale, kama mgonjwa wa kuigiza. Kwa hiyo Eugène aliposema ukweli, alisema kwa maneno yaleyale ambayo waongo wote wa Baraka wameyachakaza. Kabla ya mchana habari ilikuwa sokoni: sekretere amefunga majina. Kufikia saa nane ikawa na mkia: jina la binti yake Vanessa limeshaingia, ya wengine yanangoja.

Wazazi wakaanza kuja. Hakuna aliyekuja kwa ugomvi, na hilo ndilo lililomuumiza Godelieve zaidi. Walikuja na adabu. Walisalimia, waliuliza habari za nyumbani, walisifu kitambaa cha meza. Mama mmoja aitwaye Félicité, mwuza mawese, alitoa mfuko chini ya kitenge.

"Ni kidogo, mama. Ya kulainisha mashine."

Godelieve alifungua mfuko. Zilikuwa ndagala kavu, vile visamaki vya ziwani, na alizitambua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeziuza asubuhi ile pale kwenye meza yake ya sokoni.

"Mama Félicité, hizi mi njo nilikuuzia."

"Njo maana najua ni nzuri," Félicité alisema, akacheka, na wengine wote wakacheka. Godelieve naye akajilazimisha kucheka, akaingia jikoni, akasimama uso ukielekea ukuta. Aliona haya kama mtu aliyekamatwa, na hakuwa amefanya lolote.

Karibu na jioni alikuja mzee mrefu mwenye koti zito, koti la watu wa juu milimani kwenye baridi. Aliitwa Sebasaza. Alikuwa ametoka Minembwe, siku mbili, kwa miguu na kwa pikipiki. Binti yake Uwamwiza alisoma hapa Baraka na kulala kwa shangazi yake, kule chini nyuma ya soko. Sebasaza alivua kofia, akaweka mezani, kando ya kompyuta, jibini nzima iliyofungwa kwa majani ya ndizi.

"Muzee, toa hii kintu," Eugène alisema. "Mashine njo iko mugonjwa. Kweli kabisa."

"Najua, bwana sekretere. Iko mugonjwa." Sebasaza alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayepewa pole msibani. "Mwaka jana nilikuya mikono mitupu. Sikujua desturi ya hapa chini. Jina ya mutoto ikaanguka. Mwaka huu nimeelewa."

Mzee akavaa kofia yake akaondoka.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo Sebasaza alivyoelewa dunia. Lakini mwaka jana haikuwa hivyo. Mwaka jana shule ilikuwa na wasichana wawili walioitwa Uwamwiza Kagabo Marie, majina yote matatu sawasawa, mmoja wa Minembwe, mwingine wa kwao Lweba. Eugène aliona jina mara mbili, hakutazama tarehe za kuzaliwa, akafuta moja. Aligundua asubuhi ya mtihani, wasichana wawili waliposimama mlangoni na kiti kikawa kimoja. Akasema, "Ni Fizi balikosea." Yule wa Lweba aliingia. Wa Minembwe aligeuka akaenda zake na kalamu yake mkononi. Eugène hakumwambia mtu, hata Godelieve, na tangu siku ile akimwona msichana huyo uani mwa shule hujifanya anatafuta kitu mfukoni.

*

Mtu mmoja tu wa Baraka angeweza kusaidia, na Alhamisi alikuwa Fizi. Ijumaa saa tatu alifika. Marthe alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kompyuta alijifunza kwenye mashirika, miaka ile kambi ya Lusenda ilipofunguliwa na kila shirika likatafuta watu wa kuandika majina ya wakimbizi.

Mbingu ilikuwa nzito. Wazazi sita walisimama mlangoni, na mbele yao Roger, mikono nyuma. Chini ya meza, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kilikuwa na vitaa vinne. Viwili tu viliwaka: betri ilikuwa imefika nusu.

Marthe alisoma kisanduku, akafuta miwani, akasoma tena.

"Mwalimu, ulitosha kitu mu hii mashine?"

Eugène aliona macho ya prefe. Aliona ya Félicité.

"Hapana."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

"Basi programu yenyewe njo imeoza. Tutaitosha yote, tutaweka ingine mupya. Niko nayo ku kle yangu." Alitoa flashi kwenye mfuko wa blauzi.

"Na majina?"

"Majina iko ndani yake. Itaenda nayo. Utaandika upya."

Sitini na mmoja. Dakika saba kwa kila mmoja, pamoja na picha. Eugène alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilimjia bila kuitwa: saa saba nzima, na zilizobaki hazikufika tatu. Alifungua mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo Eugène alikuwa tayari kuitembea mpaka shimoni. Marthe alibofya. Mashine ikauliza kama kweli anataka kuondoa programu na kila kilichomo. Kimshale kikasogea kuelekea kwenye "ndiyo".

"Mama Marthe, ngoja!"

Alikuwa Godelieve, amesimama kwenye mlango wa jikoni na mikono yenye unga.

"Baba Vanessa, sema."

"Niseme nini?"

"Ile ulinionyesha Jumatano. Sema, ao niseme mimi."

Mtu asiyewahi kuaibika mbele ya mkubwa wake, wazazi wa wanafunzi wake na mke wake kwa mpigo mmoja hatajua namna masikio yanavyowaka. Eugène alijikuna shingo.

"Toa mukono, mama," alimwambia Marthe. "Nilitosha. Zilikuwa tano za jina moja. Nikatosha ine."

"Juu ya nini?"

"Nilifikiri ni dubloni."

Pale mlangoni Félicité alisema, "Kumbe!" Roger aligeukia wazazi kama wakili. "Munaona muntu mwenye tuko naye?"

Marthe hakucheka. Aliondoa kimshale pole pole, kama anayeondoa mkono karibu na nyoka.

"Ungeniacha niue majina ya batoto sitini na moja, juu ya kuona haya," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Nani alikuambia ni dubloni?"

"Jina ni moja."

"Jina ni moja, namba si moja. Programu haisimamaga yenyewe, inasimamaga juu ya kitu kingine. Hii yako bajengaka juu ya sita, inatafuta paka sita, sita tu. Unaiwekea nane, inasema: huyu simujui. Nane si sita yenye kukomaa, mwalimu. Ni muntu mwingine mwenye jina moja naye."

Eugène akaketi. Ilikuwa kana kwamba Marthe amemwona pale mlangoni mwa shule mwaka jana.

*

Namba sita Marthe alikuwa nayo, kwenye flashi nyingine, maana hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Aliiweka. Mstari wa kijani ulijaa. Eugène alibofya programu, na kisanduku cheupe kikarudi vilevile.

"Umeona?" Roger alisema.

Marthe aliinamia skrini. "Ah. Sita ziko mbili. Hii nimeweka ni ya programu zisizokuwa na madirisha. Yetu inafungua dirisha, inalomba ile ingine."

"Sita mbili!" Roger aliangua kicheko. "Sekretere, tosha moja basi, ni dubloni!"

Wazazi wakacheka. Vanessa, binti wa Eugène, aliyekuwa amejibanza kando ya kabati, hakucheka. Jina lake lilikuwa ndani ya mashine ileile. Yeye pia asingefanya mtihani, na mji mzima uliamini jina lake limeshaingia. Aliinuka akanyoosha mkono.

"Mama, nipe simu. Mama Marthe ataniandikia jina ya hiyo ya pili. Ku kanisa kule juu, rezo ya simu inashikaga."

Godelieve alifungua fundo la kitenge chake, akatoa pesa zote za ndagala za jana kwa ajili ya megabaiti. Vanessa akakimbia. Ilikuwa saa nne na nusu. Marthe akazima skrini ili betri ipumue. Watu walikaa wakitazama skrini nyeusi, na mvua ndogo ikaanza kudondoka juu ya bati. Kitaa kimoja kikazimika.

Saa tano kasoro kumi Vanessa alipiga: asilimia thelathini. Saa tano na dakika tano: hamsini na mbili, halafu imesimama. Eugène alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Godelieve aliomba kimya kimya, midomo ikitembea. Roger aliacha mizaha; alianza kufikiria barua atakayoandikiwa yeye, maana kwenye barua kama hizo jina la prefe ndilo hutangulia. Sebasaza alikuwa amefika bila mtu kumwona, akakaa kwenye kigogo chini ya paa, kofia magotini.

Saa tano na nusu Vanessa aliingia akitiririka maji, simu imefichwa ndani ya blauzi. Marthe aliiunganisha kwa waya, akahamisha, akaweka. Mstari wa kijani ulitembea. Kile kifaa cha umeme kikaanza kulia, pi, pi, pi, na kila mtu chumbani alijua maana yake.

"Fungua," Marthe alisema.

Eugène alibofya. Hakuna kitu. Kimshale kikazunguka, kikazunguka. Kisha dirisha la buluu likafunguka skrini nzima, na pembeni kabisa, chini, ikaandikwa: 61.

Félicité alipiga kelele ya shangwe. Eugène hakushangilia. Alichomeka flashi, akaitoa listi, halafu badala ya kuchomoa, akaifungua na kushuka hadi herufi U.

"Unafanya nini? Inalia, inazimika!" Roger alifoka.

"Ngoja, prefe."

Uwamwiza Kagabo Marie. Alisoma tarehe ya kuzaliwa. Alisoma mahali: Minembwe. Alitazama picha, uso usiocheka. Ndipo akachomoa flashi, na kabla hajafika mlangoni kompyuta ikazimika nyuma yake.

Alikimbia, viatu mkononi, katikati ya matope ya soko, mtu wa miaka arobaini na saba mwenye shati la kazini. Jeep ilikuwa imeshawashwa. Mtu wa mitihani alipokea flashi kupitia dirishani, akaandika namba ya shule kwenye daftari, akaitupa flashi ndani ya kopo la maziwa pamoja na nyingine. "Mulichelewa," alisema tu, na jeep ikaondoka kuelekea Fizi.

*

Aliporudi, Roger alikuwa ameenda, akimwachia ujumbe kwamba Jumatatu wataongea. Félicité na wenzake waliondoka wakiwa na furaha. Njiani walikubaliana kwamba ile hadithi ya sita na nane ilikuwa nzuri sana, na kwamba bila ndagala na jibini mashine isingefunguka. Godelieve alikuwa ametoka kuwafuata na mfuko wa Félicité, akarudi nao. Hakuna aliyekubali kuupokea.

Sebasaza peke yake alibaki. Alisimama, akamshika Eugène mkono kwa mikono miwili.

"Aksanti, bwana sekretere. Sasa nimejua. Kila mwaka nitakuwa naleta. Niko na mutoto mwingine anamufuata huyu."

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani angejua. Lakini Eugène alikuwa amekwisha aibishwa siku ile kiasi kwamba aibu moja zaidi haikuonekana kubwa, na pia alichoka, alichoka kabisa na uso wa upole wa mzee huyu.

"Muzee, mwaka jana hapana juu ya mikono mitupu. Ni mimi. Batoto walikuwa babili wa jina moja. Nikafikiri ni muntu moja, nikafuta wako. Halafu nikasema ni Fizi."

Godelieve, aliyekuwa akikunja kitambaa cha meza, aliacha kukunja.

Sebasaza aliachia mkono wake. Alikaa tena kwenye kigogo. Mvua ilikuwa imekwisha na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bati.

"Ingekuwa kukula pesa," alisema mwishowe, "ningesema, ni inchi yetu, banakulaga. Ningevumilia. Mwaka muzima mutoto ananiuliza, papa, juu ya nini hukuleta kitu? Namujibu, sikukuwa na kitu. Amenikasirikia mwaka muzima, mwalimu. Juu ya umaskini wangu."

"Unisamehe, muzee."

"Mimi hapana. Kuya umwambie yeye, mutoto."

Eugène alitazama mkewe. Hakupata msaada huko. Macho ya Godelieve yalikuwa yamejaa machozi na hasira, na yote mawili yalimlenga yeye. Eugène aliosha miguu, akavaa viatu. Godelieve akampa Sebasaza jibini yake, na safari hii mzee aliipokea, akaitia chini ya koti.

Wakashuka pamoja kwenye barabara ya soko, mzee mbele, sekretere nyuma. Félicité alikuwa kwenye meza yake ya mawese na wanawake wawili. Aliwatazama wakipita, akaona jinsi koti la mzee lilivyovimba, akamwegemea mwenzake.

"Ona," alisema, na hakujisumbua kunong'ona. "Jibini haikumutosha. Sasa anaenda kuchukua ng'ombe."

Eugène alisikia. Sebasaza naye alisikia, akasimama, akageuka kumtazama Eugène kama angejibu neno. Eugène alitazama matope kwenye viatu vyake. Kisha wakaendelea kwenda, maana nyumba ya shangazi ilikuwa palepale, na msichana alikuwa amesimama mlangoni.